Sisi Huku Hatujambo

Ndugu wasomaji,

Mhariri aliniomba makala juu ya bandari ya hapa Durban, maana mimi ni mhandisi wa mitambo na pampu ndizo zinazonilisha. Naomba radhi kwake na kwenu pia. Kila nilipokaa kuandika habari za bandari, mkono ulikwenda kwenye habari za samaki watano na uongo mmoja. Nimeona bora niutue mzigo huu kwanza, bandari itasubiri.

Sisi tunakaa Bluff, kwenye kile kilima kirefu kinachoikinga bandari na bahari kubwa. Wenyeji watawaambia kwamba Waswahili hatukuanza jana kukanyaga huku. Kuanzia mwaka 1873 manowari za Kiingereza zilishusha Durban watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wengi wao asili yao ilikuwa Wamakua, na kizazi chao kinaitwa Wazanzibari mpaka leo. Walikaa hapahapa Bluff hadi sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth katika miaka ya 1960. Mimi nilikuja kwa ndege na kwa hiari yangu, nikiwa na shahada niliyoipata Pune, India. Hilo la India mlikumbuke, nitalirudia.

Sebuleni kwetu kuna tangi la kioo la lita 400. Lilianza mwaka 2012, binti yangu akiwa na miaka 11. Tulikuwa tumempeleka uShaka Marine World, ile bustani ya bahari iliyofunguliwa mwaka 2004 karibu na mlango wa bandari, ambako unatembea ndani ya mfano wa meli iliyozama huku samaki wakipita pembeni yako. Mtoto akasimama mbele ya kioo kimoja mpaka mama yake akachoka kumwita. Kwa miezi miwili hakuzungumza kitu kingine, nami nikasalimu amri. Wakazi wa kwanza walikuwa wale samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari mitatu myeupe ambao watoto wa dunia nzima wanawaita Nemo tangu filamu ile ya 2003. Walikuwa wawili, jike kubwa na dume dogo. Baadaye wakaongezeka tasi mmoja wa manjano na kipepeo mmoja.

Asije mtu akadhani tangi la maji ya chumvi ni sawa na beseni la kambale. Kila kilo ya maji inataka gramu 35 za chumvi, joto libaki nyuzi 25 au 26, pampu zisilale, na mawe yawe na bakteria wa kula amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki. Zamani nilikuwa nachota maji baharini kwa madumu. Yalipokuja mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili na kuharibu mitambo ya maji taka, fukwe zikafungwa, na tangu hapo nachanganya chumvi ya dukani. Ni kazi ya kila wiki. Binti alipokwenda chuo kikuu, na baadaye Johannesburg kuanza kazi katika ofisi ya wahasibu, kazi hiyo ilibaki kwangu. Sikulalamika. Kila tulipoongea kwa simu alianza na samaki, na kupitia samaki tukafika kwenye mengine.

Desemba 2022 alirudi likizo akiwa na fedha zake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akaenda dukani bila kuniaga, akarudi na mfuko wa plastiki wenye maji, na ndani yake kangaja. Wale wa Tanga na Mombasa mnawajua kangaja. Sisi kwetu ni kitoweo. Lakini huyu alikuwa wa aina ya mapambo, mwili buluu ya mawingu, uso mweusi, pezi la mgongoni manjano kama embe bivu. Muuzaji alimwambia ametoka Kenya.

"Baba, nimekuletea mtu wa nyumbani," akasema.

Sasa sikilizeni kosa la kwanza. Kila mfugaji anajua kwamba samaki mgeni hukaa karantini, katika tangi la peke yake, wiki nne hadi sita, ndipo anaunganishwa na wenzake. Kangaja wa aina hii anajulikana zaidi ya wengine kwa kupatwa na ugonjwa wa madoa meupe. Nilijua yote hayo. Lakini binti alikuwa anaondoka tarehe 2 Januari, na zawadi ya mshahara wake wa kwanza ingekuwa imefichwa kwenye pipa la karakana. Nikajiambia mgeni hawekwi stoo. Tarehe 27 Desemba nikamwingiza tanginini moja kwa moja. Binti akapiga picha, sote tukashangilia, mama yake akasema sebule imekuwa sebule.

Tarehe 3 Januari 2023 nikaona kangaja ana chembe nyeupe mgongoni, kama mtu aliyenyunyiziwa chumvi ya unga. Alikuwa anajikuna kwenye mawe. Nilikuwa nimesikia kwamba kitunguu saumu kinasaidia, nikakisaga, nikakiloweka kwenye chakula. Tarehe 6 madoa yote yalikuwa yametoweka. Jioni ile binti alipiga simu.

"Baba, kangaja hajambo?"

"Hajambo, mama. Alikuwa na vipele kidogo, vimeisha."

Hapo sikusema uongo. Niliamini hivyo.

Ndugu msomaji, naomba uniruhusu nieleze kidogo mambo ya kitaalamu, maana bila hayo habari hii haieleweki. Kimelea wa madoa meupe anaitwa Cryptocaryon irritans. Mjapani Sikama alimweleza katika miaka ya 1930, na jina hilo akapewa na Brown mwaka 1951. Ni mdudu wa chembe moja tu ya uhai. Anaingia chini ya ngozi ya samaki na kwenye matamvua, anakula kwa siku tatu hadi saba, na lile doa jeupe tunaloliona ndiye yeye mwenyewe ameshiba. Akishakua anamwacha samaki, anashuka chini, anajibandika kwenye jiwe au mchanga na kujifunika gamba gumu. Ndani ya gamba anajigawa, na kifuko kimoja kinaweza kutoa vichanga 200 hivi. Vinatoka vikiogelea, na visipopata samaki katika muda wa siku moja hivi vinakufa. Vikipata, mzunguko unaanza upya.

Kwa hiyo madoa yanapotoweka samaki hajapona. Mgonjwa amekuwa msafi machoni kwa sababu ugonjwa umeshuka mchangani kuzaa. Tanga tulipokuwa watoto tuliogelea madimbwini tukapata kichocho, na mganga wa zahanati alituchorea ubaoni safari ya kile kimelea, kutoka kwa mtu kwenda majini, kutoka majini kwenda kwa konokono, na kutoka kwa konokono kurudi kwa mtu. Nilikuwa na somo lile kichwani miaka arobaini, na bado nilimshukuru kitunguu saumu.

Tarehe 14 Januari walikuja kwa jeshi. Safari hii chembe hazikuwa kwa kangaja peke yake. Kipepeo alikuwa amefunikwa, jike la Nemo linahema kama mtu aliyepanda mlima, tasi amefifia rangi. Tarehe 17 alfajiri nikamkuta kangaja amelala ubavu nyuma ya jiwe, rangi yake yote imekwenda. Nikamzika bustanini chini ya mpapai.

Jioni simu ikalia.

"Baba, kangaja hajambo?"

Mke wangu alikuwa amekaa mbele yangu. Alinitazama na kunionyesha kwa macho kwamba nimwambie. Nilikuwa nawaza kwamba mtoto yuko kwenye miezi ya majaribio kazini, ana mitihani ya uhasibu, yuko peke yake katika mji ule mgumu, na aliyeua zawadi yake ni mimi.

"Hajambo," nikasema. "Anakula vizuri."

Kesho yake nikaanza vita. Dawa ya uhakika kwa ugonjwa huu ni shaba, lakini haifai ndani ya tangi lenyewe. Mawe na mchanga wa matumbawe huinyonya, na konokono, kamba na matumbawe huuawa nayo. Nikawahamisha samaki wanne kwenye pipa la plastiki la lita 100 karakani, bila mchanga wala mawe, ila vipande vya bomba vya kujificha. Kipimo nilichofuata kilikuwa miligramu 0.2 za shaba kwa lita. Ukishuka chini sana hufanyi kitu, ukipanda sana unamuua mgonjwa. Kwa pipa zima ni miligramu 20, karibu uzito wa punje moja ya mchele. Nilipima asubuhi na usiku. Tena mjue shaba haimfikii kimelea aliye chini ya ngozi wala aliye ndani ya kifuko. Inamuua kichanga akiwa anaogelea tu. Ndiyo maana tiba huchukua wiki kadhaa, kumngoja kila mmoja atoke nje kwa zamu yake. Vilevile chumvi ya shaba iliwahi kumwagwa kwenye mifereji ya Misri na Sudani kuwaua konokono wa kichocho. Nilipokumbuka hilo nikacheka peke yangu karakani kama mwendawazimu.

Tangi kubwa likabaki bila samaki. Vifuko vingi hupasuka ndani ya wiki chache, lakini watafiti wamewahi kuona kimoja kikipasuka baada ya siku 72, na wafugaji wengi huhesabu siku 76 ili kuwa na uhakika. Nikahesabu kutoka 18 Januari nikafika 4 Aprili. Nikaandika tarehe hiyo ukutani.

Kipepeo alikufa tarehe 20. Usiku wa tarehe 21 umeme ulikatika. Mwaka ule wa 2023 mgao wa umeme ulikuwa haujawahi kuwa mbaya kama ule; tulizoea kukaa saa mbili gizani, wakati mwingine nne. Nilikuwa na betri ya kuendesha pampu ya hewa, lakini nilikuwa sijaichaji. Mimi, mhandisi wa pampu! Maji ya moto ya Januari hayashiki hewa nyingi, na samaki wenye matamvua yaliyoliwa hawana akiba. Mke wangu akaleta kopo la kuogea. Tukapokezana saa tatu na nusu tukichota maji pipani na kuyamwaga kutoka juu, ili yachanganyike na hewa, kwa mwanga wa mshumaa. Hatukuongea sana. Kiasi cha saa sita za usiku akasema, "Unamwogopa mtoto wako?" Sikumjibu. Jike la Nemo lilikufa asubuhi.

Wakabaki wawili, dume dogo na tasi. Na mimi nikabaki na simu. Kila wiki binti aliuliza, na kila wiki uongo ulihitaji uongo mwingine wa kuufunika. Nikabuni tabia za kangaja. Nikasema amezoeana na kipepeo.

Mapema Februari akaniomba picha, awaonyeshe wenzake kazini. Nikatafuta kwenye simu yangu, nikapata moja nzuri ya kangaja mbele ya jiwe kubwa, nikaituma. Baada ya dakika mbili alipiga.

"Baba, picha hii nilipiga mimi. Nikakutumia mimi. Mkono wangu unaonekana kwenye kioo."

Nikanyamaza.

"Nani mwingine amekufa?"

Nikawataja wote. Akasema "haya", akakata.

Nilikaa pale sebuleni mbele ya tangi lisilo na samaki, na kilichonijia ni mwaka 1994.

Nilikuwa Pune, mwaka wa tatu. Enzi zile hapakuwa na simu za mkononi. Tuliishi kwa barua, na barua zetu mnazikumbuka. "Sisi huku hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yetu." Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akiniandikia. Machi akaandika, "Baba anakusalimu sana, anasema ukaze buti." Aprili akaandika hivyohivyo. Mwishoni mwa Mei, nilipomaliza mitihani, ikaja barua nyingine, nyembamba, ikinipa taarifa kwamba Baba alifariki Februari. Ugonjwa wake ulikuwa umeanza mwaka mzima kabla ya hapo. Ukoo ulikaa kikao ukaamua nisiambiwe, nisije nikaharibu masomo, na nauli ya kurudi isingepatikana vyovyote.

Walinipenda, sijawahi kuwa na shaka juu ya hilo. Nilifaulu mitihani. Lakini salamu mbili nilizopokea na kuzifurahia zilikuwa za mtu aliyekwisha kuzikwa, na kwa miaka mingi baadaye kila barua ya nyumbani niliisoma nikitafuta nyuma ya maneno. Mtu akiniambia "hatujambo", mimi nilisikia, "kuna jambo, ila wewe huwezi kuambiwa". Nilijiapiza kwamba nikipata watoto sitawafanyia hivyo. Na nimefanya vilevile, kwa ajili ya samaki! Kama kwa samaki nimeweza, je, siku nikikohoa damu, huyu mtoto angeambiwa na nani?

Nikampigia simu kaka yangu Tanga usiku uleule. Yeye sasa ni mzee. Nikamuuliza, kwa mara ya kwanza katika miaka 29, ilikuwaje zile barua. Akakaa kimya, mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Ile ya Machi niliiandika mara nne." Basi. Hakuongeza neno, wala mimi sikudai zaidi.

Kisha nikampigia binti. Nikamweleza yote kuanzia tarehe 27 Desemba, karantini niliyoiruka, kitunguu saumu, betri, kopo la kuogea. Nikamweleza habari ya babu yake pia, ambayo hakuwahi kuisikia. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Baba, na mimi nina langu."

Novemba, kabla hajaja likizo, alivamiwa Johannesburg akitoka kazini. Walimwonyesha bastola, wakachukua simu na mkoba. Hakuumizwa. Ile simu mpya tuliyomsifia Desemba, akatuambia amejinunulia, ilikuwa ya kuziba pengo. "Sikutaka mpate presha," akasema. "Mko mbali, mngefanya nini?"

Hayo ndiyo maneno ya kikao cha ukoo wetu mwaka 1994, karibu neno kwa neno. Hakuna aliyemfundisha. Ameyapata nyumbani kwangu, kama samaki anavyopata kimelea kwenye maji yaleyale anayoishi. Tuliongea mpaka saa nane za usiku. Mama yake alichukua simu akalia, akamgombeza, akalia tena. Wiki iliyofuata akahamia nyumba iliyo karibu na kazi yake, nasi tukamwongezea kodi.

Tarehe 4 Aprili nilifuta ile alama ukutani. Binti alifika tarehe 7, Ijumaa Kuu, na kesho yake tukawarudisha samaki wawili tanginini, yeye akiwa ameshika wavu. Dume dogo lilizunguka lile jiwe lake mara tatu kama mtu anayekagua nyumba baada ya safari. Nikamweleza kwamba samaki wa jamii hii, jike akifa, dume huweza kugeuka likawa jike. Mama yake akasema huko tusifike.

Siku hizi kuna tangi dogo la karantini karakani, na kila mgeni hukaa humo wiki sita, awe zawadi ya nani. Binti naye amebadilisha swali lake. Haulizi tena "hajambo?" Neno lenyewe linakupa jibu kabla hujafikiri, maana mtu akikuuliza kama huna jambo, ulimi unateleza wenyewe kusema huna. Anauliza, "Kuna jambo gani?" Mara nyingi jibu ni chujio limeziba, au goti langu. Mwaka jana jibu lilikuwa kubwa zaidi, nikamwambia siku ileile daktari aliponiambia mimi, akapanda basi la usiku. Sasa naendelea vizuri, na mnaweza kuniamini.

Ndugu wasomaji, wengi wetu tuko mbali na wazee, na watoto wetu nao wameanza kuwa mbali nasi. Jumapili tutapiga simu, na tutaambiwa huko hatujambo, nasi tutajibu huku hatujambo. Naomba Jumapili hii mmoja wenu aulize mara ya pili. Na akiulizwa yeye, asitume picha ya zamani.

Makala ya bandari nitaleta toleo lijalo, Mungu akipenda.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Bluff, Durban